Misafara Miwili Katika Ukungu wa Ibaba

Kofia ngumu zilipovuliwa mbele ya mgahawa wa Leah, kule juu Ibaba, Ferista, mwongoza watalii wa pikipiki, alihesabu wageni wake na hesabu ikatimia. Tatizo ni kwamba mmoja wao hakuwa mgeni wake.

"Wewe ni nani?" alimwuliza.

Kijana akamkodolea macho. Alikuwa na koti zito la mvua, la njano, kama makoti ya wageni wote. Ferista aliyanunua mwenyewe soko la Tunduma kwa sababu yanaonekana kwa mbali. Hakuwaza kwamba bodaboda wa Songwe nzima walikuwa wameyanunua pale pale, kwa sababu ile ile.

"Brayan, wa kijiwe cha Vwawa," kijana alijibu. "Sasa mama, mbona tunakunywa chai? Mwili umeshafika?"

"Mwili upi?"

"Wa Kalisti! Si ndiye tunamsindikiza?"

Tumaini, mhasibu kutoka Mbeya ambaye tangu asubuhi alikuwa akikilalamikia kiti cha pikipiki aliyopewa, aliangua kicheko. "Dada Ferista, mazishi hukuyaandika kwenye ratiba."

Hakuna aliyecheka naye. Ferista alishazipitia nyuso kwa mara ya pili, na sasa alijua nani hayupo. Mutale.

Kati ya wote, Mutale! Alikuwa mstaafu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mcheshi, mwendeshaji mzuri kuwashinda vijana, na alikuwa na kisukari. Asubuhi mkewe alimsindikiza hadi upande wa Tunduma, akamshika Ferista mkono na kumwomba jambo moja tu: huyu akishachoma sindano, ale. Akichelewa kula, anaanguka. Ferista hakuhitaji kurudiwa. Alikuwa amemwuguza mama yake mzazi kwa ugonjwa huo huo, na alijua jinsi mtu anavyoanza kutoka jasho na kuongea upuuzi, kisha akazima kama taa.

"Jofrey!" aliita. Jofrey alikuwa msaidizi wake, ndiye aliyepanda mwisho wa msafara. "Mutale kachoma sindano?"

"Ndiyo, dada. Pale Isongole, tulipojaza mafuta."

"Akala?"

Jofrey akaitazama buti yake. "Alisema atakula akifika hapa kwa Leah. Hakutaka kutuchelewesha."

"Na wewe ukamwacha."

"Mzee mzima yule, dada. Ningemlisha?"

"Ndiyo. Ungemlisha."

Mkoba wa Mutale wenye biskuti ulikuwa kwenye sanduku la pikipiki ya Jofrey, umefungwa vizuri usilowe. Ferista alipiga namba ya Mutale. Haikupatikana. Alipiga tena, akijua kabisa kwamba haitapatikana.

Kilichotokea alikielewa nusu tu, na nusu hiyo ilimkasirisha. Alikuwa na sheria moja kwa wageni anaowapandisha milima ya Ileje: ukungu ukishuka, fuata taa nyekundu iliyo mbele yako, usiipite wala usiipoteze. Ni sheria nzuri, maana upande mmoja wa barabara ile kuna mlima na upande wa pili hakuna kitu. Katikati ya mpando walisikia honi nyuma yao, wakakaa pembeni kupisha pikapu iliyobeba jeneza. Nyuma yake zilifuata pikipiki zilizofungwa matawi mabichi, taa zikiwaka mchana, kama bodaboda wanavyomsindikiza mwenzao. Ferista aliinamisha kichwa kama mtu yeyote aliyelelewa. Zilipokwisha kupita aliwasha, akaondoka.

Kumbe hazikuwa zimekwisha. Brayan alikuwa amebaki nyuma kwa ajili ya cheni iliyochomoka. Alipoitengeneza na kupanda, aliona koti la njano na taa nyekundu, akavifuata. Naye Mutale aliona taa nyekundu ya msiba ikiondoka mbele yake, na kabla Jofrey hajamwona katika ukungu ule, akatii sheria.

"Wanamzikia wapi huyo Kalisti?" Ferista aliuliza.

"Kwa akina Mbonile, kule bondeni. Tumeshapita njia panda yake." Macho ya Brayan yalikuwa mekundu. "Mama, mmenipotezea msiba wa rafiki yangu."

"Na nyie mmenipotezea mgeni. Panda pikipiki yako, tangulia."

Alichukua soda na maandazi kwa Leah, akamwachia Jofrey wageni na amri ya kutosogea hata hatua moja, hata kama atakuja malaika kuwaita. Kisha akamfuata Brayan kwenye ule weupe.

Njia ya bondeni ilikuwa ya udongo mwekundu, na pikipiki nyingi zilizotangulia zilikuwa zimeigeuza uji. Ferista alishusha miguu yote miwili, akateleza nayo huku akiwaza. Kama Mutale ameanguka njiani, wangemwona. Kama ameanguka nje ya njia, nani angemwona? Mara mbili alisimama kuchungulia bondeni, na mara mbili hakuona chochote, hata miti. Brayan alikuwa akimpigia kelele kutoka mbele: "Mama, twende! Wataanza kufukia!"

Walipofika, ukungu ulikuwa umekaa hata juu ya turubai. Wanawake waliokuwa jikoni walimwona Ferista na koti lake la njano, wakaja mbio, wakampokea kofia kama waliokuwa wakimngoja.

"Poleni na safari, jamani! Tulishasema hamji tena."

"Asanteni," Ferista alisema, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. "Namtafuta..."

"Shemeji ameshakaa mbele. Nawe pita, mama, mkae pamoja."

"Shemeji yupi?"

"Si kaka yake Miriamu, mke wa marehemu, wa Zambia! Kaja kwa pikipiki, maskini, na baridi hii."

Ferista alianza kumtaja Mutale. Mwanamke mmoja, Enesi, dada wa marehemu, alimshika mkono na kumweleza akiwa anamvuta kuelekea mbele, kwa sauti ya mtu aliyelia tangu jana. Kalisti aliendesha bodaboda na malori pande zote mbili za mpaka, akaoa huko huko ng'ambo. Wazee walikuwa wameshikilia kwamba asizikwe mpaka asimame kaburini mtu wa upande wa mke. Wamengoja, wamepiga simu, hakuna. Mchungaji alishaanza kuangalia saa. Ndipo jeneza likafika, na nyuma yake mtu mzima asiyejulikana, akavua kofia, akawasalimia kwa Kibemba cha heshima, "Mwapoleni mukwai."

"Sasa hapo unataka ushahidi gani tena?" Enesi alimaliza.

Na kweli, Mutale alikuwa pale. Alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa, karibu na mjane, miguu pamoja, mikono magotini, kama bwana harusi. Ferista alianza kumkimbilia kwa furaha. Halafu akaona jasho. Watu wote walikuwa wamejikunyata kwa baridi, na Mutale alikuwa anatiririka.

Alichuchumaa mbele yake. "Mzee Mutale. Unanijua?"

Mutale alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Bamayo," alinong'ona, akimwita mama kwa Kibemba, "hii ziara ya kutembelea kaya... watu wakarimu sana. Lakini ni ndefu."

Ferista alikuwa ameiandika kweli ziara ya kaya kwenye ratiba, ila ya kesho, Mbebe, kwa familia inayolima kahawa. Hakuna jeneza ndani yake. Hakuwa na muda wa kumweleza. Alifungua soda kwa meno na kumwekea mdomoni.

Mchungaji akanyamaza katikati ya neno.

"Mama!" Sauti ilitoka kwa mzee mrefu mwenye koti la kijeshi, Mzee Mbonile, baba mdogo wa marehemu. "Mama, hapa hatujazika. Mnakunywa soda mbele ya maiti?"

"Samahani, baba. Kunywa," Ferista alimwambia Mutale. "Kunywa yote."

"Ndiyo desturi ya kwao hiyo?" mtu aliuliza nyuma.

"Ndio mjini huko," alijibu mwingine. "Wataomba na mirija."

"Shemeji asimame sasa, atupe udongo," Mzee Mbonile alisema. "Watu wamengoja vya kutosha."

Vijana wawili wakamshika Mutale makwapani kumwinua. Miguu yake haikukubali. Pale shimo lilikuwa hatua chache, kingo zake zimelowa, na Ferista aliona vizuri kabisa jinsi mgeni wake angetumbukia. Akasimama kati yao na kaburi.

"Hapana! Mwacheni akae. Huyu si shemeji wenu. Ni mgeni wangu, ni mtalii, amepotea kwenye ukungu, na sukari yake imeshuka. Mkimsimamisha, mtazika wawili."

Alisema yote mara moja, kwa sauti aliyozoea kuwasemea watoto wake nyumbani, na alipomaliza alitamani angalau nusu aimeze tena. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza, labda kwa mshangao.

"Mtalii," alirudia Mzee Mbonile, polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Kwenye kiti cha wakwe."

Akamgeukia mjane. "Miriamu. Huyu si ndugu yako?"

Miriamu alikuwa mwanamke mdogo, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Ferista alimtazama na ndipo akashtuka: mjane hakuonekana kushangaa hata kidogo. Bila shaka anawajua kaka zake. Basi alipomwona mgeni huyu akikalishwa pembeni yake kama kaka, kwa nini hakusema?

"Kaka zangu waliishia mpakani," Miriamu alisema. "Walinipigia asubuhi. Wamerudi. Hawakuwahi kumpenda Kalisti."

"Na ukakaa kimya!"

"Ningesema, baba, mngemzika?"

Minong'ono ikaanza kupanda. Mmoja alisema jeneza lirudi kwenye pikapu. Mwingine alisema lirudi wapi, likalale kwa nani? Brayan, ambaye alikuwa ameshafika mbele, alikuwa akimwuliza kila aliye karibu, "Anazikwa au hazikwi?" Ferista alijikuta naye akisubiri jibu, huku ameshika chupa iliyobaki nusu. Alikuja kumchukua mgonjwa wake. Sasa alikuwa amemharibia maiti wa watu, na hakujua kama mtu huomba radhi kwa jambo kama hilo, wala huiomba kwa nani.

Hapo Miriamu akamwinamia Mutale, akamwuliza jambo kwa Kibemba. Mutale akajibu. Akauliza tena. Ferista aliishi Tunduma miaka mingi na alikijua Kibemba cha sokoni, cha nyanya na mitumba, lakini hiki kilikuwa cha ndani na cha haraka. Alinyaka neno moja moja: bibi; samaki; ndiyo; ndiyo mukwai.

Miriamu akanyoosha mgongo. "Nimemwuliza ukoo. Mimi ni wa ukoo wa mamba. Yeye wa samaki. Kwetu hao ni watani, na mtani ndiye anayezika. Ana haki kuliko hata kaka zangu."

Watu wakatazamana. Utani wanaujua, msiba bila watani ni msiba mkavu, na mtani hakaribishwi, anakuja tu. Mzee Mbonile alimkagua Mutale kuanzia kwenye buti hadi kwenye upara, kwa muda mrefu, kisha mabega yake yakashuka.

"Mngesema mapema," alisema.

"Samaki gani huyu, amelowa mpaka masikioni!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Kambale! Hebu tazama masharubu!"

Kicheko kikapita chini ya turubai, cha kwanza siku ile, na baadhi ya wanawake walicheka na kulia kwa pamoja. Ferista hakuwaacha wamharakishe. Alisimama na chupa mpaka Mutale akaimaliza, akamlisha andazi kipande kwa kipande mbele ya umati wote, akangoja mpaka macho yake yakamtazama yeye tu bila kutangatanga. Ndipo akamshika mkono mmoja, Brayan akashika wa pili, wakamfikisha ukingoni. Mutale akatupa udongo. Baada yake akatupa Brayan, na huyo alichelewa kuuachia.

Walipomaliza kufukia, watu wakapanga foleni ya kunawa mikono. Mzee Mbonile alimpiga Mutale begani kwa nguvu. "Mtani, arobaini usikose. Ukikosa tutakuja kukuvua huko huko." Mutale akaitikia kwa adabu zote.

Ferista akamvuta pembeni, karibu na pikipiki. "Sasa unajisikiaje?"

"Vizuri, bamayo. Njaa tu."

"Wewe kweli ni wa ukoo wa samaki?"

Mutale akamtazama bila kuelewa. "Samaki?"

"Si ulimwambia Miriamu? Alipokuuliza ukoo wako."

"Aliniuliza ukoo?" Alifikiri kwa bidii, uso ukiwa umekunjamana. "Mimi ni Mnamwanga, bamayo. Bibi yangu mmoja ndiye alikuwa Mbemba, na wa ukoo gani sikumbuki. Wakati ule nilikuwa namwona kila mtu wawili wawili. Hata angeniuliza kama mimi ni mbuzi, ningesema ndiyo mukwai."

Ferista aligeuka. Ng'ambo ya uwanja Miriamu alikuwa amekaa mkekani katikati ya shangazi wa marehemu. Mmoja wao alikuwa akimmiminia maji ya kunawa, na mwingine alikuwa amemwegemeza kichwa chake begani. Je, alimsikia Mutale akisema samaki? Au yeye ndiye aliyelisema, na Mutale akaitikia? Ferista alijaribu kuyakumbuka yale maneno, nani alianza na nani alifuata, na kila alipoyapanga yalijipanga upya.

"Nimekubali nini kwani?" Mutale aliuliza, sauti imeingia wasiwasi. "Kama nimewadanganya watu msibani, nikawaambie?"

Ferista alitoa andazi jingine mfukoni, akalifuta maji ya ukungu kwa kiganja na kumwekea mkononi.

"Kula," alisema.