Maiti Kwenye Ramani ya Ami Abdulhalim

Simu ililia nikichovya hamri kwenye chai, na kabla sijatoa salamu, ami Abdulhalim alishanishukia.

"Swafia mwanangu, mwanitia maiti nyumbani, nami hata mafua sina?"

Hamri likazama. Ami Abdulhalim ana nyumba ya ghorofa nyuma ya Ngome ya Yesu, na ukarabati wake ndio kazi ya kwanza ya Mji wa Kale kupewa kiofisi chetu. Siku hiyo, baada ya swala ya adhuhuri, angekuja kutia saini ramani. Asipotia, jina langu lingenyweshwa kahawa chungu kila baraza, na kazi ya pili ningeisikia kwa wenzangu.

"Maiti gani, ami?"

"Muulize Lamis!"

Binti yake akaipokea simu. Alikuwa ametumiwa faili atazame jiko, akaona orodha pembeni, akamsomea babake. "Ukuta, akasema naam. Milango, naam. Maji, naam. Umeme, alhamdulillahi. Linalofuata, da Swafia, nililisoma kabla sijafikiri. MAITI. Kwa herufi kubwa."

Nyuma yake mzee akapaza sauti: "Wamtoe kabla sijafika! Nikimkuta, ramani yao nafungia mbaazi!"

Nikamgeukia Joab, mchoraji wetu, aliyetoka Siaya kuja kuchorea makampuni ya Shimanzi maghala, mpaka nikamnyakua mimi.

"Bwana Joab, nani amekufa?"

"Wapi?"

"Kwa mteja wetu."

Akafungua ramani. Katika kazi yetu kila kitu hukaa kwenye leya yake, mfano wa karatasi za nailoni angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: kuta kwenye hii, mabomba kwenye ile. Na kweli, chini ya UMEME, MAITI alikuwa amejilaza zake.

"Hii ni rahisi, madam," akasema Joab. "Nafuta tu."

Akafuta. Kompyuta ikakataa: leya hii inatumika.

"Inatumika na nani?" nikauliza.

"Haisemi."

"Basi ina adabu kuliko Lamis."

Joab akazima leya nyingine zote abaki na MAITI peke yake. Kioo kikawa cheupe pe. "Umeona? Hakuna kitu." Akafuta tena. Inatumika. Jasho likaanza kumtoka, na feni ilikuwa inamwelekea yeye.

"Labda amezikwa," nikamwambia.

Nilikuwa nikimchokoza, lakini Joab akapiga meza. "Amezikwa! Yumo ndani ya bloku!"

Bloku ni mchoro uliofungwa kifurushi, kiti au sinki, unaopachikwa popote bila kuchorwa upya. Na Joab alikuwa amezima leya ya fanicha, kwa hiyo fanicha zote zilijificha na kila kilichokuwa tumboni mwao. Akawasha leya zote, zikawa za kijivu, kisha MAITI akaipaka rangi nyekundu ya pilipili.

"Sasa tafuta wekundu."

Tukaingia nyumbani kwa watu kama polisi. Ukumbini, hakuna. Jikoni, kijivu kitupu, Lamis angefurahi. Chooni Joab alikagua mpaka nikamwambia atoke, watu wanangoja. Tukapanda ghorofani, chumbani kwa ami Abdulhalim. Pale kitandani, katikati kabisa, palikuwa na kimshale chekundu.

"Joab. Maiti yuko kitandani kwa mzee."

Akafungua bloku ya kitanda, ndani akakuta bloku nyingine, jina lake TREI.

"Trei ya nini?"

"Madam, unakumbuka ile hospitali niliyoichorea mochari?"

Nikakaa chini.

"Chumba ni chembamba," akajitetea. "Kila kitanda nilichoweka kilizuia mlango. Hiki kikaingia vizuri."

"Kitakosaje kuingia? Anayelala humo hageuki!"

"Nikaongeza mto."

"Ukaongeza mto! Na mshale?"

"Hospitali walitaka Waislamu walazwe wakielekea kibla. Mshale wa leya ya MAITI ndio unaonyesha. Nilipokipachika hapa nikaugeuza kaskazini kwenye kibla, mkono ulishazoea."

Hodi ikapigwa. Adhana ilikuwa imepita zamani, sisi tukiwa mochari. Ami Abdulhalim akaingia na bakora yake, Lamis nyuma akijiziba mdomo kwa mtandio.

"Asalaam alaykum. Yuko wapi marehemu?"

Kumdanganya sikuweza, kimshale kilikuwa kikiwaka kiooni. Nikamweleza yote, trei, mto, kibla. Kila neno nililiona likinifukuzisha Mji wa Kale. Mzee akasogeza kiti, akavaa miwani.

"Huu mshale waelekea kibla?"

"Ndiyo, mzee," akasema Joab kwa sauti ya mtu aliye kizimbani.

"Na kichwa changu kiko huku, upande wa bahari?"

"Ndiyo."

Mzee akamgeukia bintiye. "Waona? Tangu mlipokigawa kile chumba, nalala miguu imeelekea kibla kama asiye na wazazi. Nikisema, mwaniambia hapana nafasi. Nafasi hino hapa!"

"Baba, hiyo ni trei."

"Ni trei, lakini imelazwa kwa adabu." Akamgusa Joab begani kwa bakora. "Weye, kitanda kibaki hapo hapo. Lakini nitilie cha watu. Mimi nageuka, tena kwa kishindo."

Joab akaweka kitanda cha kweli. Kikazuia mlango. Akaugeuza mlango ufungukie nje, kitanda kikapumua. Mshale akauhamishia leya mpya, akaiita KIBLA. Kisha akaishika MAITI, akafuta, na sote tukainama kutazama.

Ikatoweka bila ubishi.

"Ameondoka?" akauliza mzee.

"Ameondoka, mzee."

"Lete kalamu basi. Na weye Joab, ukija kwangu kusimamia mafundi, usilete futi kamba kitandani nikiwa nimelala. Nitashuku."