Mhakiki Namba Mbili

Desmond Okrent hakuwa ameonekana kwenye warsha za nadharia ya kompyuta kwa miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo alipovuta kiti kando ya Profesa Corinne Halvorsen, pale Santa Fe, saa ya chakula cha mchana, Corinne aliinamia sahani yake.

"Hongera, Profesa," Okrent akasema, akijimiminia mchuzi wa pilipili ya kijani juu ya enchilada zake. "Nasikia leo unatuthibitishia ile namba."

Namba yenyewe ilikuwa hivi. Chukua maswali elfu ya ndiyo au hapana, uyafunge kwa masharti yaliyookotwa ovyo. Masharti yakiwa machache, majibu yapo tele. Ongeza, ongeza tena, na ghafla unafika mahali ambapo hakuna jibu hata moja, kama maji yanavyoganda yakawa barafu. Watu wa kompyuta walikuwa wamehangaika miaka kujua mahali hapo ni wapi. Okrent, mwanafizikia wa sumaku, aliipata namba yake kwa hesabu za fizikia. Hakuwa na uthibitisho, lakini aliitaja hadi tarakimu ya sita. Jarida likaikataa makala yake kwa ushauri wa wahakiki wawili wasiotajwa majina. Ajira ya chuo ikamponyoka, akaenda kufundisha sekondari Albuquerque.

"Desmond, hebu waambie alichokuandikia mhakiki namba mbili," akadakia Rosalind Teague, mwandalizi wa warsha, aliyemwalika Okrent.

Okrent akaweka uma chini, akakariri kama anayesoma: "'Mwandishi hajui tofauti ya kukisia na kuthibitisha. Arudi kwenye sumaku zake, asitupotezee muda.'"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Lijitu gani hilo!"

"Bila shaka lenyewe halijawahi kukisia hata mvua!"

Corinne naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Maneno yale yalikuwa yake, kila nukta. Aliyaandika Jumapili moja kwa dakika ishirini, akiwa na miaka thelathini na miwili na hamu kubwa ya kuonekana mkali. Na si hayo tu. Miaka minne baadaye aliitoa ile namba kwenye kumbukumbu zake ikamwongoza kwenye uthibitisho. Bila hiyo asingejua pa kufika, asingejua hata pa kuanzia. Katika makala ya uthibitisho wake aliandika tu kwamba namba hiyo "ilikisiwa na wanafizikia", kana kwamba wanafizikia ni kundi la ndege wasio na majina.

Alasiri Corinne akasimama ubaoni. Uthibitisho ukaenda vizuri, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akaweka chaki chini. Akawageukia watu.

"Mhakiki namba mbili ni mimi," akasema. "Na namba hii niliitoa kwenye makala ya Desmond, niliyoikataa mwenyewe."

 Rosalind akaanza kupiga makofi, na watu wakainuka, safu baada ya safu. "Huo ndio uungwana!" mtu akapaza sauti. Aliyebaki kitini ni Okrent peke yake, mikono katikati ya magoti.

Corinne alipofanikiwa kujinasua kwa waliotaka kumpa mkono, alimkuta kwenye maegesho akitupa begi ndani ya pikapu.

"Desmond, nisamehe."

"Tulikaa bega kwa bega saa nzima, Corinne. Ukacheka."

"Nilicheka."

"Ungeniambia pale mezani, ningekutukana kidogo, yakaisha. Sasa umeenda kutubu kwenye kipaza sauti. Kazi yangu uliichukua, haya; leo umechukua na masikitiko yangu, na makofi unapigiwa wewe."

Corinne akashika ukingo wa pikapu.

"Nitaiandika upya makala. Jina lako litatangulia langu."

"Aa, hapana. Uthibitisho ule sikuufuata hata nusu. Siweki jina langu kwenye kitu nisichokielewa." Akafungua mlango wa gari. "Andika tu namba ni ya nani. Basi."

Akaondoka bila kumpa mkono.

Corinne alirudi ndani. Wakati wa kahawa kijana mmoja mtafiti akamwambia amewafundisha ujasiri. "Usinisifu, tafadhali," akamjibu, na yule akamsifu zaidi kwa unyenyekevu.

Makala ilitoka mwaka uliofuata, na siku hizi wengi huiita namba ile "namba ya Okrent". Corinne alimpelekea nakala Albuquerque, jibu halikuja. Lakini kila warsha hapakosi mtu wa kusimulia siku ile ya Santa Fe, na katika masimulizi hayo shujaa ni yeye. Kisa kikianza tu, Corinne huchukua mkoba wake akatoka nje, na wanaobaki huambizana kwamba mama wa watu hapendi kusifiwa.