Chakula Kisichoonjwa

Kule Moshi nilikokulia, Mhindi tulimjua upande mmoja tu, upande wa kaunta. Ulinunua kibiriti chako ukaondoka. Nyuma ya duka kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia harufu ya kukutoa mate, lakini hakuna mtoto wa Machame aliyekaribishwa huko. Kwa hiyo mwaka 1999, nilipohamia kwa Ba hapa Fairfax, Amerika, nilidhani nawajua Wahindi. Kumbe nililijua pazia.

Ba ni neno la Kigujarati, maana yake mama. Alikuwa mjane aliyeishi Tabora miaka mingi, akaondoka na Kiswahili chake cha jikoni. Mwanawe Nilesh alikuwa fundi wa kompyuta, kiguu na njia, na hakutaka mama yake abaki peke yake. Tukakubaliana: mimi nipate chumba cha bure, Ba apate mwenzake. Bila chumba kile chuo kingenishinda, na nilikumbuka hilo kila asubuhi nilipoamka.

Viatu vilibaki mlangoni. Nyama haikuingia, wala samaki, wala yai, wala kitunguu. Mimi Mchaga, niliyedhani mlo bila nyama ni maandalizi ya mlo, nilikula dengu na bamia mwezi mzima ndipo nikashtuka kwamba nyama sikuwa hata nimeikumbuka. Lakini kilichoniacha kinywa wazi ni Mtoto. Katika kabati la jikoni, nyuma ya kijipazia chekundu, aliishi Mungu wa Ba: sanamu ya shaba ya mtoto anayetambaa, kubwa kidogo kuliko kidole gumba. Ba alimwamsha asubuhi, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akamvisha, akamlisha kabla ya mtu yeyote, na jioni akamlaza.

Baridi ilipoanza nikamkuta Ba ameshika sindano na uzi wa sufu wa bluu. Anamfumia Mtoto sweta. Mimi ni Mlutheri, mahubiri ya sanamu nimeyasikia tangu tumboni, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Nilipoliona lile sweta, lina mikono yote miwili na kifungo kimoja, majibu yaliniishia. Maisha yangu yote nimemwomba Mungu anitunze. Haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kumuuliza Mungu kama anasikia baridi. Nilisimama pale na machozi yakanilengalenga, nisijue hasa ninalia nini.

Novemba ikafika sikukuu yao ya mwaka mpya. Ba alipika tangu alfajiri na magoti yake yale mabovu, chakula juu ya chakula, vyote vya kuwekwa mbele ya Mtoto. Aliniachia mwiko kwenye sufuria ya mchuzi wa mtindi ili akavae sari mpya.

"Wewe koroga tu," akasema.

Nikakoroga. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukafanya ambacho mkono wa mama yangu na wa bibi yangu ungefanya: nikadondosha mchuzi kiganjani, nikalamba. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nikageuka, nikamwona Ba mlangoni.

Alizima jiko, akainua sufuria kwa mikono miwili, akamwaga mchuzi wote kwenye sinki. Kisha akatoa mtindi mwingine kwenye friji, akaanza upya.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilipanda chumbani nikatoa sanduku. Niliona wazi kilichotokea: mkono mweusi umegusa sufuria. Pazia la Moshi limenifuata mpaka Amerika. Nikampigia simu Domina, rafiki yangu wa Lanham anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee.

"Ume-pack uende wapi?" akaniuliza. "Kwangu tuko wanne kwenye room moja. Shuka chini umuulize huyo mama. Ukiondoka bila kuuliza, utakuwa umejifukuza mwenyewe."

Nikashuka nimevimba. "Ba, ungeonja wewe, ungemwaga?"

Alinitazama kwa mshangao. "Mimi naonja, mimi namwaga. Nilesh naonja, mimi namwaga. Mtoto nakula kwanza. Mgeni nakuja kwako, wewe nampa sahani umekwisha lamba?"

Kwetu hata mbwa wa jirani hapewi hivyo mbele za watu.

"Sasa chumvi unaijuaje?"

"Mkono nakumbuka. Pua nasikia. Kaa, angalia."

Nikakaa kwenye stuli. Miaka hamsini mwanamke yule alikuwa amepika kila siku bila kuonja kitu kikiwa jikoni. Akachota chumvi kwa vidole vitatu, macho yake yako dirishani, akaiachia, akainamia mvuke akanusa, akatikisa kichwa kama aliyejibiwa. Jioni ile nikarudisha nguo zangu kabatini.

Januari barafu iliganda kila mahali. Ba aliteleza kwenye ngazi za nje, akavunjika mkono wa kulia, wakamfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Nilesh alikuwa Texas na ndege zimesimama. Kesho yake nikamkuta Ba amekaa mbele ya kabati, hajala tangu jana.

"Jana Mtoto nakula ndizi tu," akasema. "Nenda oga. Vaa nguo safi. Leo wewe napika."

"Mimi, Ba?"

"Nimekwisha muuliza. Nasema iko njaa."

Nikaoga, nikavaa gauni langu la kanisani. Nikabandika mchele na choroko, samli na bizari. Kiganja kiliniwasha. Nilikikunja ngumi, nikakoroga kwa mkono mwingine. Ba alikaa kwenye stuli yangu.

"Tabora iko mtu, jina Saidi," akasema. "Nafagia, nafua. Miaka kumi na tisa. Nafika mlango ya jiko, nasimama. Mimi sikumwambia ingia."

Hasira yangu ya Novemba, kumbe, haikuwa ya bure. Ilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe ni Saidi, si mimi. Nikazidi kukoroga.

Tukamwekea Mtoto bakuli lake, tukashusha pazia, tukasubiri. Nilisimama pekupeku, moyo unanidunda kuliko siku ya mtihani, nikimwomba Mungu, sijui yupi, kwamba Mtoto apende.

Kisha tukakaa kula. Mkono wa kulia wa Ba ulikuwa kwenye plasta, na wa kushoto hauli. Alinitazama, akafungua kinywa. Nikakusanya tonge kwa vidole vyangu, nikamlisha. Akatafuna taratibu. Tonge langu la kwanza likaniambia kila kitu: chumvi sikutia, hata punje. Nikainuka kwenda kuchukua kopo, akanishika gauni.

"Kaa. Yeye nakula hivihivi. Hakusema kitu."

Nikakaa. Nikamlisha tonge la pili, la tatu, naye anatafuna akiangalia kiganja changu.

"Saidi nyumbani kwake napika nini?" akauliza, nadhani si mimi. "Miaka kumi na tisa. Mimi hapana jua."

Akafungua kinywa tena, nikamlisha.