Simba wa Kuigiza

Kilichomvuta Josué kwenye kikundi cha Wendell ni kwamba wafu waliamka. Mwenzake wa kazini, kule kwenye maghala karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, Texas, alimpeleka Cedar Hill siku moja kutazama watu wazima wakiigiza vita vya zamani vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Walivaa makoti ya sufu kwenye joto lote lile, wakapigana kwa risasi baridi, wakaanguka majanini. Kisha filimbi ikalia, nao wakainuka, wakajipangusa na kwenda kunywa maji ya limau. Josué alikimbia Fizi, mashariki mwa Kongo, akiwa mtoto. Vita alivyovijua yeye havikuwa na filimbi.

Wendell, mzee mweusi aliyestaafu kazi ya posta, ndiye aliyempa koti la bluu. Ndiye pia Mmarekani wa kwanza kumkaribisha nyumbani kwake kula. Kwa miaka kadhaa Josué aliendesha gari kutoka kwake Euless kila kikundi kilipokutana, akafa vizuri kuliko wote, akarudi kwa mkewe Matumaini amechoka na moyo umetulia.

Lakini hamu za watu hugeuka. Wazee wakaanza kulalamikia magoti, na vijana wakasema makoti ya bluu yamechosha. Wakahamia vita vya Wajerumani, navyo wakavichoka. Ndipo Travis, fundi wa viyoyozi, alipoleta picha kwenye simu yake: wazungu wenye bereti na magwanda ya madoadoa, wamesimama kando ya ziwa. Ilikuwa Kongo, miaka ya sitini, wakati mamluki walipoletwa kuwapiga waasi walioitwa Simba.

"Sijaona kikundi kingine Texas kinachofanya hii," Travis alisema. "Na sisi tuna Mkongomani wa kweli."

Wote wakamgeukia Josué wakitabasamu. Naye akatabasamu. Wendell peke yake alikuwa anatazama chini, na walipofika kwenye magari akamwambia, "Ukikataa nitakuelewa."

"Hakuna shida," Josué alijibu. Hakutaka kuwa mtu wa kuvunja kikundi kilichompokea.

Nyumbani, Matumaini alikuwa jikoni anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Basi weye utakuwa nani?"

"Simba."

"Na nani atakuua?"

"Travis."

Akaendelea kukoroga. "Papa yako anajua?"

Baba yake, mzee Wilondja, hakujua. Aliishi Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa Fortunée, dada yake Josué. Kuhusu ujana wake kule Fizi hakuwahi kusema zaidi ya kwamba walilima na kuvua dagaa.

Onyesho likapangwa kwenye shamba moja nje ya Houston, na Josué akafikia kwa dada yake. Asubuhi Fortunée akaitwa ghafla kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mzee naye hakuweza kuachwa peke yake, maana siku hizi alikuwa anasahau jiko linawaka.

"Mupeleke na weye," Fortunée alisema akitafuta viatu. "Apate hewa kidogo."

Ndani ya gari baba aliuliza, "Tunaenda wapi?"

"Ku mchezo, Papa. Batu banaigiza vita ya zamani."

"Vita ya nani?"

"Ya zamani tu," Josué akasema, akaongeza sauti ya redio.

Alimkalisha kwenye kiti chini ya mwavuli, karibu na Wendell, ambaye siku hiyo hakuigiza. Alisema katika vita hivyo haoni upande wa kusimama. Josué akaenda kuvaa majani na utepe wa manyoya ambao Travis aliuagiza mtandaoni. Alipojitazama kwenye kioo cha gari aliona aibu, akageuza uso.

Kipaza sauti kikataja mji wa Baraka, kikataja Fizi. Majina yalitamkwa vibaya, lakini yalisikika. Simba wakatoka mbio wakipiga kelele, bunduki zikalia, na Josué akaanguka pale alipoelekezwa. Akalala uso kwenye nyasi akingoja filimbi.

Badala yake mikono ilimshika kwapani na kumvuta.

"Abwe, simama."

Alikuwa baba yake, kofia imemdondoka, anahema. Alikuwa akisema Kibembe, lugha aliyokuwa ameiacha tangu mkewe afe. "Abwe, simama, wanakuja."

"Papa, ni miye. Ni Josué."

Mzee hakumsikia. Alikuwa amemwona Travis akija na bunduki. Akajilaza juu ya mwanawe na kumfunika kichwa kwa mikono yote miwili. Josué alisikia moyo wa baba yake ukidunda mgongoni mwake. Travis akasimama, bunduki imeshuka, hajui kama hili lilikuwa limepangwa. Watazamaji walidhani limepangwa. Walipiga makofi kwa muda mrefu, mpaka Wendell akaingia uwanjani akichechemea, mikono juu, akiwaomba waache.

Walikuwa karibu kufika Sharpstown Josué alipoweza kuuliza. "Abwe ni nani?"

"Mukubwa wangu, wa tumbo moja."

"Hukutuambiaka kama ulikuwa na mukubwa."

Mzee alitazama maduka yakipita. "Mungeuliza nini?" alisema.

Kesho yake Travis aliandika ujumbe wa kuomba radhi, na maneno yalikuwa ya kweli. Mwishoni aliuliza kama mzee angekubali kukaa nao na kuwasimulia, ili safari ijayo, huko Dallas, wafanye sahihi. Josué alijaribu kumchukia akashindwa, na hilo likamsumbua zaidi. Alijibu kwamba hatarudi. Wendell naye aliacha. Kikundi kiliendelea, walimpata mwanafunzi mmoja Mnigeria, akawa Simba wao.

Huko Houston, mzee Wilondja sasa huandaa sahani moja zaidi mezani, akisema ni ya Abwe. Fortunée alimpigia kaka yake kumuuliza Abwe ni nani.

"Muulize Papa," Josué alisema.

"Nilimuuliza. Anasema weye ndiye unamujua."