Waliopiga Kura Vibaya Wako Handakini

Gazeti lilitoka Jumatano. Kufika Ijumaa asubuhi binti yangu Delana alikuwa hajapiga simu, na mimi kaunta ya mgahawa nimeifuta mpaka Hoyt Ledbetter akaniuliza kama nataka kuitoboa nitokee upande wa pili. Nikamwambia anywe kahawa yake anyamaze, kwani ni yeye na mwenzake walioniponza. Uongo mtupu. Aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe, ila asubuhi ile sikuwa tayari kukiri mbele ya Hoyt.

Delana anakaa Boston, mwaka wa tisa sasa. Ana mume, Theo, mwalimu wa hesabu, na mtoto wa miezi saba aitwaye Opal, jina la marehemu mama yangu. Mtoto huyo nimemwona kwenye simu tu. Miaka minne Delana alikuwa hajakanyaga Oklahoma, na Jumamosi hiyo ndiyo walikuwa waje, wote watatu. Tiketi zimekatwa. Kitanda cha mtoto nimeazima. Kwa nini hakuja miaka minne nitasema, lakini niacheni kwanza nimalize hasira ya gazeti.

Mwandishi mwenyewe alikuja wiki mbili kabla, kijana mrefu, mpole, jina lake Graham Whitlow. Alivaa buti mpya za wachunga ng'ombe, kila hatua zinalia kwi, kwi, kwi. Hoyt, aliyechunga ng'ombe miaka hamsini, alikuwa amevaa raba. Kijana akasema gazeti lake, gazeti kubwa la pwani ya mashariki, limemtuma kusikiliza watu wa majimbo kama letu, haya ambayo kwenye ramani ya uchaguzi hupakwa rangi nyekundu ya wahafidhina kabla hata kura hazijahesabiwa. Wengine kama yeye wamekwisha kupita. Huja, hula, huuliza mbona tuko hivi tulivyo, huondoka. Kwa kawaida nawapa bamia za kukaanga na kuwaonyesha barabara.

Huyu nilimkalisha. Delana husoma gazeti lile kila asubuhi kwenye treni akienda kazini. Nikajiambia, Nadine, Mungu akupe nini tena? Zungumza vizuri humo, mwanao asome, aone kwao hakukai mazimwi. Na mumewe naye asome.

Ndipo nikawageukia wazee wangu wawili. Hao huwa mezani pangu tangu nafungua mlango: Hoyt, na Mchungaji Denzil Crabtree, ambaye kanisa amestaafu lakini kusema hajastaafu. Nikawanong'oneza, "Leo mambo yenu sitaki. Mkimfanyia huyu mtoto wa watu mambo yenu, kesho kahawa mtainywa kituo cha mafuta."

"Mambo gani, Bi Nadine?" Hoyt akauliza, macho makavu kama si yeye.

Mambo yao, yaani mambo yetu, ni haya. Mgeni akifika mjini kwetu hupigwa kamba. Anaambiwa uongo mkubwa kwa uso mkavu, halafu anaangaliwa. Daktari wa mifugo alipohamia, Hoyt alimwambia upepo wa huku una ushuru, na mwezi ule ni zamu yake kulipa. Yule bwana akajibu amekwisha kulipa, risiti imepeperuka. Tukamvutia kiti papo hapo, na mpaka leo ni wetu. Sheria ni mbili tu. Aliyesema uongo hacheki kwanza. Na hauelezi kamwe. Kwetu mtu anayeeleza mzaha wake ni sawa na anayelamba sahani mbele ya wageni.

Basi, wazee wakatulia, nawasifu. Graham akauliza hili na lile, wakamjibu mvua, wakamjibu bei ya ngano, wakamjibu wajukuu. Akauliza walimpigia nani kura. Mchungaji akasema, "Kijana wangu, onja kwanza hiyo pai." Kwetu kura ya mtu haiulizwi, kama mshahara wake usivyoulizwa. Yeye akaandika kitu kirefu kuliko jibu alilopewa. Nikaanza kupata wasiwasi.

Halafu akanigeukia mimi. Akainamisha kichwa upande, akashusha sauti kama mtu aliyeingia wodini, akasema, "Bi Nadine, unadhani ni nini kilichofanya watu kama ninyi mpoteze imani na elimu?"

Watu kama ninyi! Mimi nimekaa kamati ya shule miaka kumi na mmoja. Nimeuza pai kwenye jua la Agosti mpaka maktaba ya watoto ikapata paa. Damu ilinipanda kichwani nikasikia masikio yanavuma. Lakini nikaikumbuka treni ya Boston, nikasema, "Elimu tunaipenda sana, bwana." Hapo ningeishia, leo nisingekuwa na hadithi.

Akatazama nje dirishani. "Na ule mlango wa chuma pale chini, kwenye udongo, ni wa nini?"

Mtoto wa miaka mitatu wa mji huu anajua mlango ule. Ni handaki la kimbunga. King'ora kikilia unashuka, unafunga, unangoja upepo upite na nyumba ya mtu. Mtu aliyekuja kutueleza sisi ni nani asijue hata hilo? Ulimi hauna mfupa. Nikasikia sauti yangu ikisema, taratibu kabisa, "Lile? Ndimo tunamowaweka waliopiga kura vibaya."

Hoyt hakupepesa jicho. "Kwa sasa wamo wanne," akasema. "Mmoja tunamtoa Jumapili. Ameanza kuonyesha mabadiliko."

"Tunawashushia kunde na mkate wa mahindi," Mchungaji akaongeza. "Sisi si wanyama."

Tukamngoja acheke. Angecheka kidogo tu, angetabasamu tu, ningemvutia kiti, nikamwambia yote, hata yale ambayo sijawahi kumwambia mtu. Graham Whitlow akaangalia mlango, akaniangalia mimi, akaandika. Kisha akaomba anipige picha pale nje. Nikasimama kando ya mlango ule, mikono nimefumbata kifuani, jua likinipiga machoni. Neno moja lingetosha: tunatania. Sikulisema. Kuanza kujieleza kwa yule kijana? Mimi?

Buti zilipokwisha kulia hadi kwenye gari, Mchungaji akasema, "Nadine, yule hakucheka."

"Atacheka njiani," nikasema.

Hakucheka. Picha ilikuwa ukurasa wa mbele, nimekunja uso kama askari jela. Na kilichoniuma zaidi, kijana hakudanganya hata neno moja. Hakuandika kwamba tunafunga watu. Aliandika kwamba mwenye mgahawa, bila hata chembe ya tabasamu, alimwambia mahali pa wasiokubaliana naye ni chini ya ardhi, na kwamba huku hata utani una meno. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wala sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Jumatano hiyohiyo nikamtumia Delana ujumbe: "Mtatua saa ngapi?" Nikaona ameusoma. Jibu hakuna. Alhamisi nikatuma tena: "Opal anakula kitu gani?" Ameusoma. Kimya. Usiku niligeuka kitandani kama andazi kwenye mafuta.

Sasa la miaka minne. Ilikuwa Siku ya Shukrani, bata mzinga mezani, uchaguzi umepita wiki chache, marehemu mume wangu ana mwaka mmoja kaburini. Delana akasema alivyopiga kura. Hakusema kwa ubishi, alisema tu, huku anapaka siagi mkate. Mimi nikasema, "Aliyepiga kura hivyo na akale kwa hao waliomtuma." Akasimama, kipande cha mkate bado mkononi. Akachukua koti. Uwanja wa ndege ni mwendo wa saa mbili na nusu, na aliendesha usiku ule ule. Watu waliponiuliza mbona mwanao haji, niliwajibu, "Nilimtania, akanuna. Amekuwa mtu wa pwani, hajui tena kucheka." Nilimwambia Hoyt hivyo. Nilimwambia Mchungaji hivyo. Nimelirudia mpaka mimi mwenyewe nikaliamini.

Basi Ijumaa, yapata saa nne, simu ikalia juu ya kaunta. Delana. Kitambaa kikanidondoka. Wazee wakaacha vikombe hewani. Masikio yangu si mazuri, simu yangu huipaza hadi mwisho, na pale ndani kila mtu husikia kila kitu. Siku nyingine sijali.

Sikumpa hata nafasi ya kusalimu. "Delana, mwanangu, nisikilize. Lile la handaki ni mzaha. Kule chini kuna benchi na tochi na chupa za matunda ya pichi, basi. Yule kijana aliniudhi, nikampiga kamba, hakuna mtu anayefungwa, hakuna mtu yeyote..."

Nilikuwa naeleza mzaha. Mbele za watu. Hoyt na Mchungaji wakainamisha macho kwenye kahawa, kana kwamba nimevua nguo. Mwambie Theo, nikaendelea, mwambie mama yako si chui, mwambie ndivyo tulivyo huku, mwambie...

"Mama."

Nikanyamaza.

"Mama, mimi nimezaliwa hapo. Handaki hilo nimelala humo na Baba, anapiga miluzi ili nisisikie upepo. Niliposoma pale kuhusu kunde na mkate wa mahindi nilicheka kwenye treni mpaka mama mmoja akahama kiti. Ulidhani nimekuwa jiwe?"

Ndiyo. Ndivyo nilivyodhani. Miaka minne nimelalamika kwamba watu wa pwani wanatuandika bila kutujua, na mwanangu wa kumzaa nimemwandika mimi mwenyewe, ukurasa mzima.

"Sasa mbona hukunijibu?" nikauliza.

"Kwa sababu nilimweleza Theo kwamba ni utani, kwamba kwetu ndivyo. Akaniuliza, na lile la Siku ya Shukrani, lilikuwa utani pia? Nikakosa la kumwambia. Siku mbili nalitafuta jibu, Mama. Silipati. Ndiyo nakuuliza wewe. Lilikuwa utani?"

Lo! Mlango huo hapo, wazi. Neno moja tu, ndiyo, na kesho nambeba mjukuu. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nikatazama juu, nikamkuta Hoyt ananiangalia. Hoyt niliyemdanganya miaka minne. Nadhani alijua siku zote.

"Hapana," nikasema. "Halikuwa utani. Nililisema kwa moyo wangu wote, na nilitaka likuume. Baba yako alikuwa amekufa, na wewe umeondoka, na nikaona hata kura yako imeondoka. Nilitaka uumie kama mimi. Halafu nikaliita utani ili nipate usingizi." Nikashika kaunta. "Nisamehe, mwanangu. Miaka minne yote ni yangu, si yako."

Nilisikia mtoto anaguna kule upande wa pili, huyo Opal, sauti nene kama ya marehemu mama yangu, mwenye jina hilo. Hoyt alivua kofia akaiweka gotini.

"Na kura yangu sitaibadilisha," nikasema, maana nimeumbwa na kichwa kigumu, nifanyeje?

"Nani amekuomba?" akasema Delana.

Nilihesabu mafeni ya darini, mawili, nikayahesabu tena. Nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa labda mwakani, labda Krismasi, mtoto ana mafua.

"Huko handakini," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, sauti ya baba yake hasa, "bado wamo wanne?"

"Mmoja tunamtoa Jumapili," nikasema.

"Basi fagia, Mama. Kesho tunaongezeka watatu. Opal hajajiandikisha kupiga kura bado, lakini dalili zake si nzuri."

Ilinipasa nicheke. Kwa desturi yetu, asiyecheka si wetu. Mimi nililia, kwa sauti, mbele ya wateja, kitambaa cha kaunta usoni, na kilikuwa kinanuka kahawa na sabuni. Hoyt akasogea karibu na simu akasema kwa nguvu, "Delana, ni Mzee Hoyt. Mama yako hakucheka. Tumfanye nini?"

"Mwekeni chini na wengine," akajibu.

Nikachukua ufagio nikatoka nje. Jua linawaka, anga nyeupe, hakuna king'ora wala dalili ya upepo, na mimi huyo nashuka handakini kama kichaa. Nilifagia pembe zote nne. Nilitoa buibui. Nilipangusa benchi, nikalikalia kulijaribu, nikaona ni la watu watatu, halizidi, na mimi ni wa nne.

Nikapanda tena mgahawani. "Hoyt," nikasema, "inuka hapo. Hicho kiti nakihitaji kule chini."