Ngazi ya Mama Mkwe

Fundi Tahiri aliniwekea vitu viwili mbele ya karakana yake pale Kibiti, akaniambia nichague. Upande huu ngazi za pembeni zilizotolewa kwenye gari jingine: pana, zina raba ya kukanyagia, zikifungwa zinaning'inia shubiri nzima chini ya mlango. Upande wa pili bomba nene la chuma la kuchomelea kwenye chesisi, juu, limebana ubavu wa gari kama mkanda. Ngazi ni za mtu kupandia. Bomba ni la kulikinga gari. Nilivizunguka saa nzima.

"Mchagua jembe si mkulima," Tahiri akanitania. "Wewe unabeba nani na unapita wapi? Anzia hapo."

Jibu nilikuwa nalo. Pikapu yangu ndiyo inayotulisha. Napeleka unga, sukari na sabuni kwenye maduka ya Mbwara, ng'ambo ya mto, narudi na mihogo. Ukishaiacha lami ni matope meusi na visiki, na wiki ile kisiki kimoja kilikuwa kimenikunja mlango kwa chini. Hiyo ndiyo njia. Mtu ninayembeba ni mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, anayekaa Mbwara. Ana sukari. Kidonda cha unyayo kilishamla kidole kimoja, na daktari alimwambia wazi kwamba kila Jumatatu na Alhamisi aje Kibiti kisafishwe. Akiacha, mguu unakatwa.

Gari nilishaliinua springi, kiti kiko usawa wa kifua. Bi Mwanamkuu ni mama wa mwili, na magoti hana. Wa kumshika kiuno alikuwa binti yake, mke wangu Warda, lakini Warda alikuwa kwenye arobaini, mtoto wetu Tasnim hajafikisha hata wiki mbili. Nikabaki mimi, na mimi ni mkwe. Mkwe hamshiki mama mkwe wake akamsukumiza garini. Kuja kukaa kwetu Kibiti alikataa. Tuna chumba na ukumbi, naye alisema halali pazia moja na mume wa mwanawe.

"Chukua zile za raba," Warda aliniambia asubuhi ile. "Mama apande mwenyewe, asimwombe mtu."

Nikachukua bomba.

Tahiri alinitazama. "Basi nikuchomelee na daraja moja la kukanyagia kwa chini, mlango wa abiria tu. Keshokutwa unalipata."

Nikamwambia daraja litanasa kwenye visiki, na mama atapandia kigoda. Hayo ndiyo niliyosema. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mzigo wa kesho yake, na lile bomba nililipenda. Liliponing'inizwa kwa kipimo tu niliona gari langu limekuwa dume. Mtu mzima na akili zangu, nilisimama pale nikitabasamu kwa sababu ya chuma.

Alhamisi nikaenda kumchukua. Niliweka kigoda kwenye tope mbele ya nyumba yake, nikasogea pembeni kwa adabu. Alipanda kigoda. Mguu mzima ukatafuta bomba, ukalipata, lakini bomba ni la mviringo na lilikuwa na tope. Uliteleza. Alianguka chali, khanga ikapanda hadi mapajani, mbele yangu na mbele ya barabara nzima.

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Sikumdaka. Niligeuza uso, kama nilivyofundishwa, na niliugeuza upesi kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote la maana maishani. Wanawake wanne walikuja mbio wakampandisha. Tulipofika kwenye daraja la mto ndipo aliponisemesha.

"Baba, nimekuvunjia heshima."

"Hapana, mama. Ni tope tu."

Jumatatu alinipigia simu mapema. "Usihangaike, baba. Kidonda kimekauka." Alhamisi akasema hivyohivyo, na Warda naye akaambiwa hivyohivyo.

"Wewe umeuona huo mguu?" Warda akaniuliza.

"Mguu wa mama yako niuone mimi?"

Kwa desturi nilikuwa na haki, naye alilijua hilo. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Mizigo ilikuwa mingi, na kila nilipofika Mbwara nilisimama barabarani nikasalimia kwa mbali, akaniitikia kutoka ndani, nikaenda zangu madukani. Nilifanya hivyo wiki tatu nikijiona mkwe mwenye heshima zake.

Kisha akapiga Zamda, jirani yake. "Njoo umchukue mkweo. Kanikataza nisikwambie, lakini nyumba inanuka."

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaliwa mtoto kwanza. Niliendesha kwa kasi ambayo gari halikustahili, bomba likagonga visiki mara mbili, gari likateleza juu yake likapita salama. Mlango haukupata hata mkwaruzo. Kazi ya Tahiri ilikuwa safi kabisa, na nililia njia nzima kwa usafi wake.

Nilimkuta mkekani, mguu umefungwa khanga kuukuu, umekuwa mweusi hadi kwenye muundi. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama, akanyoosha mikono yote miwili juu, akasubiri.

Nikamwinua. Alinishika shingo, akaweka kichwa begani kwangu. Khanga ilimwanguka nusu na hakuishika. Nilitoka naye mlangoni, nikapita mbele za watu, nikamweka kwenye kiti, na hapakuwa na haja ya ngazi wala kigoda. Njiani nilimsemesha, nikamtajia mjukuu wake.

Kibiti walisema watamsafirisha Dar jioni ileile akakatwe juu ya goti. Daktari akanivuta kando, akasema sumu imeshaingia kwenye damu, hata wakikata hawezi kuniahidi kitu. Nilikimbia nyumbani kuchukua nguo zake na kumwambia mke wangu.

Warda alikuwa ananyonyesha. Nilimweleza yote kwa mpangilio, mguu, Dar, maneno ya daktari. Alisikiliza macho makavu. Nikadhani amejikaza.

"Kwani garini kapandaje?" akauliza. "Nani kampandisha?"

"Nimembeba mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Akakubali?"

"Alininyooshea mikono."

Alimtoa mtoto titini, akamlaza kitandani. Kisha akakaa sakafuni, akajifunika khanga usoni, akaanza kulia kilio cha msiba, na mama yake bado alikuwa hai.