Nyumba Iliyovuka Mpaka

Mgeni alikuwa anasuuza sare yake ya shule nyuma ya ghala walimopewa kulala, nyumba yao ilipochomoza kwenye kona ya barabara. Jina hilo la Mgeni alipachikwa na wenzake siku alipoingia darasani, na likamganda hata alipoanza kuwapita wote kwenye mitihani.

Nyumba ilikuja taratibu, ikichechemea upande wa jikoni. Bati moja halikuwepo. Ukuta wa sebule ulikuwa na matundu ya risasi, na pazia la kijani lilikuwa limejaa vumbi la safari. Dereva wa lori aliipigia honi, kisha akaipisha.

"Mama," Mgeni aliita, "nyumba imefika."

Mama alitoka akijifuta mikono kwenye gauni. Aliizunguka, akapapasa nyufa, akaikemea kidogo kwa kuchelewa. Halafu akasimama mbele ya mlango.

"Na mwenzako umemwacha wapi?"

Alikuwa akimuulizia baba. Siku walipokimbia, baba alikataa kupanda gari. Alisema nyumba haiachwi peke yake, mwizi hajali kama kuna vita. Alibaki kibarazani akiwapungia mkono kama watu waendao harusini. Sasa kibaraza kilikuwa kitupu. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, visigino vimelika. Mama aliviokota, akakaa chini, akalia mpaka majirani wakaja kumshika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kesho yake alikuja afisa wa makazi. Aligonga ukuta kwa kalamu, akasikiliza.

"Pole kwa msiba, mama. Ila walioruhusiwa kuingia ni ninyi. Nyumba haikuruhusiwa."

"Imetembea yenyewe, mwanangu."

"Ndiyo kosa lenyewe. Halafu mkimbizi mwenye nyumba ni mkimbizi gani? Chagueni, msaada au nyumba."

"Kwa hiyo nikae ghalani niwe naichungulia dirishani?"

"Ghala halina dirisha, mama," afisa alisema kwa upole.

Wiki hiyo mwalimu wa uraia aliwapa insha kuhusu haki za binadamu. Mgeni aliandika kwamba haki hizo ni nzuri mno, zimepangwa kama vyombo vya kabatini, vile ambavyo watoto wa nyumbani hukatazwa kuvigusa. Aliandika kwamba baba yake alikuwa na haki ya kuishi, na kwamba katika familia yao nzima ni nyumba tu iliyothubutu kufuatilia haki yake, nayo imeambiwa haina kibali.

Mwalimu aliisoma, akavua miwani.

"Umeandika vizuri, binti yangu. Lakini mtihani unataka ufafanuzi, hautaki malalamiko. Hapa kwa baba, futa."

"Nimfute baba?"

"Sentensi tu."

Hakufuta. Akapewa alama za kumtosha asifeli.

Kwa kuwa mama alichagua msaada na kubaki ghalani, halmashauri nayo iliona si busara nyumba imara ikae bure. Mafundi waliziba matundu ya risasi, wakapaka chokaa, wakatundika kibao cha Ofisi ya Wakimbizi. Nyumba ilivumilia, ila usiku ilikuwa ikijivuta kidogokidogo kuelekea ghalani, hadi ikafungwa mnyororo kwenye nguzo ya umeme.

"Heri ng'ombe," mlinzi alilalamika. "Ukimfunga, anatulia."

Muda wao wa kuishi nchini ulipokaribia kwisha, mama na Mgeni walikwenda kuomba waongezewe. Foleni ilianzia nje, ikapanda kibarazani, ikapita sebuleni. Watu walijipepea kwa makaratasi. Mtoto mmoja aliegemea ukuta, mama wa Mgeni akamwonya asichafue.

Afisa alikuwa amejifungia katika chumba alimozaliwa Mgeni. Zamu yao ilipofika, mama alikamata kitasa na kukiinua kidogo kwanza, kwa sababu mlango ule haufunguki bila kuinuliwa. Halafu akakumbuka. Akakiachia, akarudi nyuma hatua moja.

"Hodi," alisema.

"Subiri," sauti ilijibu kutoka ndani.